Karani wa Bima na Simu ya Mkononi

Katika soko la Gakindu, huko Mukurweini upande wa kusini wa Nyeri, mkulima mwenye gari dogo la kubebea mizigo aweza leo kusimama kibarazani pa duka, akabonyeza simu yake mara chache, na kabla chai yake haijapoa akawa amekwisha lipa ada ya bima ya gari hilo. Hakusafiri kwenda mjini Nyeri, hakupanga foleni, wala hakumwamkia mtu yeyote. Zamani za baba yake mambo hayakuwa hivyo. Mzee huyo aliamka alfajiri, akavaa koti lake zuri, akatia fedha katika mfuko wa ndani, akapanda gari hadi mjini, akangoja zamu yake katika ofisi ya bima. Mbele yake aliketi karani mwenye kalamu, daftari na mihuri. Karani alimwuliza habari zake, akaandika, akapokea fedha, akampa stakabadhi, naye mzee akarudi nyumbani jioni.

Siku nzima ya mzee imepunguzwa ikawa dakika chache kwa mwanawe, na hiyo ni faida ambayo mtu mwenye haki hawezi kuikana. Lakini yule karani yuko wapi? Insha hii yataka kueleza karani huyo alitokea wapi, kazi yake ilikuwa nini, na kwa nini meza yake imeondolewa katika ofisi nyingi. Tutaifuata habari hii tangu mwanzo wake, kwa kuwa jambo la leo halieleweki vema pasipo kulijua la jana.

Bima ni mapatano ya watu wengi kuchanga kidogo kidogo, ili mmoja wao akipatwa na hasara asiangamie peke yake. Wazo hilo si geni katika nchi yetu. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, yaani desturi ya majirani kusaidiana kazi za mashamba kwa zamu, leo kwangu na kesho kwako. Tofauti ni moja. Katika ngwatio watu wote hujuana. Mvivu hujulikana, mgonjwa huonekana, na mwongo hawezi kujificha. Katika bima wachangao hawajuani hata kidogo. Mwenye gari wa Karatina humlipia mwenye duka wa Kisumu aliyeunguliwa na moto, wala hawatakutana maisha yao yote. Kwa hiyo palihitajika mtu wa kukaa kati ya wageni hao, ajue nani amechanga, nani amepata hasara, na nani asema kweli. Mtu huyo ndiye karani, pamoja na wakala azungukaye kutafuta wateja, na mkadiriaji wa hasara aendaye kutazama kilichoharibika.

Wenyeji wa Nyeri, nchi ya kahawa, watapenda kujua kwamba mojawapo ya masoko makubwa ya bima duniani lilianza katika mkahawa. Katika miaka ya 1680 mtu mmoja aitwaye Edward Lloyd alikuwa na nyumba ya kuuzia kahawa mjini London. Mabaharia, wenye meli na matajiri walikutana humo, wakanywa kahawa na kusikiliza habari za bahari. Mwenye meli aliyeogopa dhoruba alitoa karatasi yenye maelezo ya safari yake, na kila tajiri aliyekubali kubeba sehemu ya hatari hiyo aliandika jina lake chini. Bima ile ilitegemea macho ya mtu kumtazama mwenziwe usoni.

Baadaye bima ilitoka kwa matajiri ikawafikia watu wa kawaida. Mwaka 1854 kampuni ya Prudential ya Uingereza ilianza kuuza bima ndogo ndogo kwa wafanyakazi wa viwandani. Mawakala wake walikwenda nyumba kwa nyumba kila juma kukusanya senti chache. Wakala wa mtaa aliwajua watu wake kwa majina. Alijua nani amefiwa, nani amekosa kazi, na nani apewe muda.

Katika nchi ya Kenya, kampuni ya Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 kazi hii ilipanuka upesi. Mwaka 1964 Serikali ilianzisha kampuni ya bima ya taifa, Kenya National Assurance. Mwaka 1965 kampuni ya British-American ilifika Kenya, ikaanza kwa njia ile ile ya mawakala waendao kwa wateja nyumbani. Mwaka 1968 vyama vya ushirika navyo vilianzisha uwakala wao wa bima, ambao mwaka 1978 ulipata kuwa kampuni kamili. Leo yajulikana kwa jina la CIC. Jambo hilo lilikuwa na maana kwa watu wa Mlima Kenya, kwa sababu wakulima wengi wa kahawa walikuwa wanachama wa ushirika tayari.

Hivyo katika miji kama Nyeri, Karatina na Nanyuki ikazuka kazi mpya ya heshima. Karani wa bima alikuwa na kazi nne. Kwanza, kumwuliza mteja maswali na kuandika majibu yake sawasawa. Pili, kupiga hesabu ya ada kwa kutumia majedwali. Tatu, kutunza majalada, kutoa stakabadhi, na kuwakumbusha waliochelewa kulipa. Nne, na hii ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kumpokea mtu aliyepatwa na msiba au hasara, kumsikiliza, na kumwongoza kujaza karatasi za madai. Mjane aliyefika na cheti cha kifo cha mumewe, asiyejua kusoma Kiingereza cha mkataba, alitegemea uvumilivu wa karani huyo.

Yafaa tukumbuke pia kazi hiyo ilivyothaminiwa vijijini. Kijana aliyemaliza shule ya sekondari akapata meza mjini hakula mshahara wake peke yake. Mshahara ulilipa karo za wadogo zake, ulinunua ng'ombe wa maziwa wa baba yake, na uliezeka mabati nyumba ya mama yake. Ndiyo sababu mzazi wa Gakindu aliposema kwamba mwanawe ni karani, majirani walielewa kwamba ukoo mzima umepata nguzo. Basi meza moja ikiondolewa, si mtu mmoja atikisikaye.

Tuje sasa katika habari ya mashine. Makampuni ya bima yalikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzipenda kompyuta, kwa sababu kazi yao ni hesabu na majina mengi. Huko Marekani, kampuni ya Metropolitan Life ilipata kompyuta kubwa ya aina ya UNIVAC mwaka 1954. Baadaye mashine hizo zilifika katika ofisi zetu pia. Daftari likaondoka, karani akajifunza kupiga chapa mbele ya kioo. Hata hivyo meza yake ilibaki, maana mteja alimhitaji bado. Kompyuta ilikuwa upande wa karani, na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwake.

Kilichoiondoa meza ni kule kuhama kwa mashine kutoka mkono wa karani kuingia mkono wa mteja. Mwezi wa Machi mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, njia ya kutuma fedha kwa simu ya mkononi. Katika muda mfupi watu wa vijijini, ambao wengi wao hawakuwa na akaunti ya benki, walizoea kutuma na kupokea fedha kwa vidole vyao. Mwaka 2010 mabenki yaliruhusiwa kutumia mawakala wenye maduka ya kawaida. Fedha zilipokwisha kujifunza kusafiri pasipo karani, bima ilifuata njia ile ile.

Mfano ulio karibu nasi ulianza mwaka 2009 katika Laikipia, upande wa Nanyuki. Mpango huo uliitwa Kilimo Salama, nao uliwaunganisha wakfu wa Syngenta, kampuni ya bima ya UAP, na Safaricom. Ulianza na wakulima wapatao 200. Mkulima aliponunua mbegu au mbolea dukani aliongeza kiasi kidogo cha fedha juu ya bei. Mwenye duka aliipiga picha kwa simu alama iliyochapwa juu ya mfuko, na mara mkulima akapata ujumbe kwamba amekatiwa bima. Vituo vya kupima hali ya hewa vilihesabu mvua vyenyewe. Mvua ikipungua kuliko kiwango kilichowekwa, fidia ilitumwa kwa M-Pesa. Mwaka ule ule wa 2009 ukame ulipiga, na wakulima walilipwa. Mpango ukakua, na mwaka 2014 ukageuzwa kuwa kampuni iitwayo ACRE.

Mgala muue na haki umpe. Kabla ya hapo ilikuwa vigumu sana kwa kampuni kumkatia bima mkulima wa ekari moja. Gharama ya kumtuma mkadiriaji kutoka mjini hadi shamba lake, kwa mafuta ya gari na posho ya siku, yaweza kupita ada yote ambayo mkulima huyo angelipa. Kwa hiyo mtu maskini alikosa bima kwa sababu bima ilikuwa na wafanyakazi wengi kuliko awezavyo kuwalipa. Mashine ilipoondoa safari, karatasi na mishahara, ilimfungulia mlango mtu ambaye karani, kwa wema wake wote, hangeweza kumfungulia.

Lakini tutazame upande wa pili wa jambo hilo hilo. Kituo cha mvua kiko mahali pamoja, na shamba liko mahali pengine. Katika nchi ya mabonde na migongo kama ya Mlima Kenya, mvua yaweza kunyesha mgongo mmoja ikauacha wa pili mkavu. Kituo kikiandika kwamba mvua ilitosha, mkulima aliyekauka mahindi hapati kitu, hata kama macho ya kila jirani yaona hasara yake. Wataalamu wa bima huijua hatari hiyo, nao hujaribu kuipunguza kwa vituo vingi zaidi na picha za setilaiti. Zamani mkadiriaji angefika, angeshika bua la mahindi, angeandika alichokiona. Huenda angechelewa, huenda hata angekuwa mgumu. Lakini mkulima angekuwa na mtu wa kubishana naye.

Sasa tuseme habari ya kupunguzwa kazi kwenyewe. Katika miaka ya 2016 hadi 2018 wafanyakazi wengi wa mabenki na baadhi ya makampuni ya bima nchini Kenya waliachishwa kazi au kuombwa waondoke kwa hiari wapate malipo. Baadhi ya matawi yalifungwa. Kazi nyingine zilihamishwa kabisa nje ya nchi. Mwaka 2016 benki ya Standard Chartered ilitangaza kuhamishia Chennai, India, kazi za maandishi zilizofanywa na watu wapatao 300 mjini Nairobi. Sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa kwamba wateja walikwisha hamia katika simu na intaneti.

Mwanafunzi wa historia hapaswi kupokea sababu moja bila kuichunguza. Mwaka ule ule wa 2016 sheria mpya iliweka kikomo cha riba ya mikopo, na faida ya mabenki ikabanwa. Tena kazi ya bima iliwahi kupotea pasipo mashine yoyote kulaumiwa: ile kampuni ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 ilifilisika mwaka 1996. Basi si haki kusema kwamba kila meza iliyoondolewa iliondolewa na simu. Kilicho kweli ni kwamba mwenye kampuni aliyebanwa, kwa sababu yoyote, sasa alikuwa na kitu cha kushika nafasi ya karani. Babu zake hawakuwa nacho.

Bima ya Serikali nayo haikuepuka badiliko hili. Hazina ya taifa ya bima ya hospitali, iliyojulikana kwa herufi NHIF, ilianzishwa mwaka 1966. Sheria ya mwaka 2023 iliifuta, na tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu walijiandikisha kwake kwa simu na kwa intaneti. Wafanyakazi wa zamani hawakuhamishwa moja kwa moja. Ilibidi waombe nafasi upya, na wengi walikaa katika wasiwasi. Wananchi wasio na mshahara nao waliulizwa na mashine maswali juu ya nyumba zao na mali zao, na mashine ikakisia kipato chao ili kupanga mchango. Wengi walilalamika kwamba wamekadiriwa kupita uwezo wao. Karani angeweza kukosea pia, bali angeweza kuambiwa, "Bwana, ng'ombe huyo alikufa mwaka jana," naye akafuta alichoandika.

Kutokana na habari hizi zote, jambo moja ladhihirika. Faida ya kifaa kipya hugawanyika vipande vidogo kwa watu wengi, na hasara yake huwaangukia wachache kwa uzito. Maelfu ya watu wameokoa nauli na siku ya kazi. Kila mmoja aona faida ndogo, aifurahia, kisha aisahau. Karani mmoja amepoteza mshahara, heshima, na mpango wa maisha, naye hasahau. Kwa kuwa walio na faida ni wengi, sauti ya mwenye hasara haisikiki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wako wasemao kwamba kazi hazikupotea, bali zimebadilika tu. Neno hilo lina ukweli wake. Katika kila soko, Gakindu likiwamo, pana vibanda vya mawakala wa fedha ambavyo havikuwapo kabla ya mwaka 2007, na vijana wamepata riziki humo. Wengine huandika programu za kompyuta mijini. Lakini aliyeketi katika kibanda ni kijana wa miaka ishirini, na aliyeondolewa mezani ni baba wa miaka arobaini na mitano mwenye watoto shuleni. Hesabu ya taifa yaweza kuwa sawa ilhali nyumba ya mtu huyo haiko sawa. Tena wakala wa kibandani hulipwa kwa kadiri ya fedha zipitazo mkononi mwake; hana likizo yenye malipo wala malipo ya uzeeni. Na sehemu ya kazi ya karani haikupewa mtu yeyote: ni mteja mwenyewe aifanyaye, ajaze majibu yake, atunze hati zake, pasipo mshahara.

Sheria imejaribu kuwasaidia waondolewao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, yaagiza mwajiri atoe taarifa ya mwezi mmoja au zaidi, naye ofisa wa kazi ajulishwe. Katika kuchagua watakaoondoka, mwajiri azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Tena amlipe aondokaye si chini ya mshahara wa siku kumi na tano kwa kila mwaka aliotumika. Tufanye hesabu. Karani aliyetumika miaka 20 atapata, kwa uchache, mshahara wa siku 300. Miaka ishirini ya kazi imelipwa kwa fedha zisizotimiza mwaka mmoja. Ni afadhali kuliko kuondoka mikono mitupu. Lakini fedha hizo zitamlipia mtoto mmoja karo ya muda, wala hazimfundishi baba kazi nyingine.

Hapa ndipo ajabu ilipo. Bima yenyewe yasema kwamba hasara isiyovumilika kwa mmoja huwa nyepesi ikibebwa na wengi. Kampuni iliyofundisha neno hilo kwa wateja wake kwa miaka mingi yawezaje kuwaacha watumishi wake wabebe peke yao hasara ya badiliko ambalo limewafaidi wote? Kama faida ya simu imeenea kwa wengi, ni haki sehemu ndogo ya faida hiyo itengwe kwa wale walioilipia kwa kazi zao: wapewe taarifa mapema, wafundishwe upya wangali kazini, na wafikiriwe kwanza nafasi mpya zinapotokea. Hilo halitazuia mashine kuja. Litafanya tu kwamba gharama ya kuja kwake isilipwe na watu wachache.

Nawe, msomaji kijana, utaingia katika kazi ambazo huenda hazijapewa majina bado. Usizichukie mashine, maana zimewafikia watu ambao kalamu haikuwafikia. Lakini zitazame zile kazi nne za karani, uone ni zipi zilizochukuliwa kwa urahisi. Kuandika, kupiga hesabu na kutunza majalada ziliondoka mara moja. Ile ya nne, ya kumsikiliza mtu aliyepatwa na msiba na kuamua kwa haki, mashine haijaiweza vema; imeachwa tu bila mwenyewe. Siku utakapokuwa mwajiri, mbunge au mwenye kampuni, kumbuka kwamba mjane wa Gakindu bado aja na karatasi yake mkononi, na kwamba yafaa pawe na mtu wa kumkaribisha akae.